Kafara ya Mapafu na Misingi

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalisema hilo mapema kwa sababu nimeshakamatwa mara moja, na sina hamu ya kukamatwa tena nikiwa tayari nimo ndani. Ukiona bendera yake inafanana na ya kwenu, ni rangi tu, na rangi duniani ni chache. Ukiona mawaziri wake wana vitambi kama vya mawaziri wenu, hilo ni suala la chakula, halina siasa.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, mimi Sudi nilikuwa fundi wa zege wa sherehe. Vibarua walichimba, wakakoroga, wakabeba karai kichwani hadi shingo zikapinda. Mimi nilishuka shimoni siku ya mgeni rasmi, nimevaa ovaroli iliyopigwa pasi, nikamimina ndoo ya kwanza mbele ya kamera. Ilikuwa kazi ya heshima. Wake za mawaziri walinijua kwa sura.

Sasa sikiliza desturi yenyewe. Kwetu nyumba haijengwi bila kafara. Zamani watu walichinja mbuzi, damu ikamwagwa msingini, kichwa kikafukiwa kona ya mashariki, na nyama ikaliwa na mafundi pamoja na majirani. Nyumba zilisimama na watu walishiba. Serikali ilipoamua kuwa ya kisasa, ikaona mbuzi ni aibu mbele ya wafadhili. Lakini kuiacha kafara moja kwa moja iliogopa, maana hata mawaziri waliosoma ng'ambo walilelewa na bibi zao. Basi ikapitishwa sheria: kila wizara ikijenga, izike msingini kitu kilicho bora kuliko vyote ilivyo navyo.

Sheria ilitekelezwa, na hapo ndipo nchi yetu inapotofautiana na nyingine, maana yetu hutekeleza. Wizara ya Maji ilijenga makao makuu ikazika pampu, ile pekee iliyokuwa inafanya kazi. Wizara ya Elimu ilizika vitabu vya darasa la kwanza, bado vinanukia wino, na watoto wakaambiwa wasome kwa kusikiliza. Wizara ya Kilimo ilizika mbegu, tena mwaka ambao mvua ilikuja kwa wakati. Chini ya Ikulu, wanasema wanaojua, imezikwa Katiba, ndiyo maana Ikulu haijawahi kutikisika.

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, mwiko ukiwa kwapani.

*

Tulikuwa na taasisi mbili za utafiti. Moja ilichunguza magonjwa ya mapafu na ya kuambukiza, nyingine ilichunguza misingi ya majengo. Wizara ya Fedha ikagundua kwamba zote mbili zinahangaika na vitu vya ndani ambavyo mpiga kura havioni, ikaziunganisha. Ikazaliwa Taasisi ya Taifa ya Mapafu na Misingi. Ilipewa jengo moja, mkurugenzi mmoja na darubini moja. Jumatatu darubini ilitazama makohozi, siku zilizobaki ilitazama mchanga.

Mkurugenzi alikuwa Mhandisi Bakunda, mtu ambaye hakuwahi kujenga hata banda la kuku lakini alikuwa na vitabu vinene vyenye jina lake mgongoni. Alikuwa na ugunduzi wa aina mbili, na wote ulikuwa sheria. Wa kwanza ulisema kwamba msingi wenye kafara ya thamani hudidimia polepole kuliko msingi wa mbuzi. Alithibitisha kwa kulinganisha Ikulu na nyumba ya mama mkwe wake. Wa pili ulisema kwamba kikohozi hupasua zege. Mtu akikohoa karibu na msingi, alieleza Mhandisi, mtetemo hushuka miguuni, huingia ardhini, na ufa huanza. Kwa hiyo ikawa marufuku kukohoa karibu na msingi wa serikali, na kwa kuwa serikali ilikuwa na misingi kila mahali, maana majengo yenyewe yalikuwa nadra kumalizika, ikawa marufuku kukohoa karibu nchi nzima.

Nchi hiyo, naomba ukumbuke, ilikuwa imejaa kifua kikuu. Ilikuwa imejaa ile aina sugu inayozicheka dawa za kawaida. Watu walitembea wamejiziba midomo na khanga, macho yamewatoka, wakitafuta uchochoro wa kukoholea. Askari waliwafuata uchochoroni.

Katika chumba cha nyuma cha taasisi, kile kilichopakana na stoo ya saruji, alikaa Daktari Hidaya Mkamba. Huyu alikuwa mwembamba, mkali, mwenye kawaida ya kujibu swali kabla hujalimaliza. Aliufanyia utafiti ule ugonjwa sugu kwa miaka mingi, vumbi la saruji likimwingia kwenye chai, mpaka akapata dawa. Vilikuwa vidonge vya rangi ya chungwa, vya kumeza asubuhi baada ya kula, mpaka dozi iishe. Alivijaribu kwa wagonjwa waliokubali. Waliletwa kwa machela wakaondoka kwa miguu yao, na mmoja aliondoka akikimbia kwa sababu alikumbuka kaacha mahindi jikoni tangu alipougua.

Daktari akaandika ripoti. Mhandisi Bakunda akaisoma, akaisifu, akaisahihisha mahali pamoja tu. Penye neno "matumizi", Daktari alikuwa ameandika kumeza. Mhandisi akakata, akaandika kuzika.

*

Hapo dada yangu anaingia, na hapo mimi naacha kucheka.

Jina lake ni Sikudhani, dada yangu wa tumbo moja. Anashona sare za shule, na tangu tukiwa wadogo alikuwa mtu wa kuimba akifanya kazi, anaharibu wimbo mmoja kutwa nzima mpaka majirani wanamwomba abadilishe. Alianza kukohoa msimu wa baridi. Akapewa dawa za kawaida, zikamcheka. Akakonda mpaka pete ikawa inadondokea kwenye kitambaa, akaivua akaifunga kwenye ncha ya khanga. Wimbo ulikatika, cherehani ikabaki inazunguka peke yake kidogo, halafu nayo ikanyamaza.

Daktari Hidaya alimpima mwenyewe. Alimwambia kwamba ametengeneza kasha moja la vidonge, linalotosha mtaa wetu wote, na kwamba Sikudhani yumo. Aliyemtangulia kwenye orodha alikuwa Mwalimu Rehani, jirani yetu, aliyetufundisha sote kusoma wakati vitabu bado vilikuwa juu ya ardhi. Wakawa wanasubiri wote wawili barazani, kila mmoja ana kopo lake la kutemea, wanabishana mambo ya mpira kwa sauti za kunong'ona.

Wiki hiyohiyo Waziri wa Afya, Mheshimiwa Chondo Mapande, akatangaza ujenzi wa Zahanati Kuu ya Mapafu. Nchi nzima ikashangilia. Kisha wizara ikaanza kutafuta kitu chake bora cha kuzika. Walipita stoo, wakakuta vitanda visivyo na magodoro. Walipita hospitalini, wakakuta panya. Mwisho wakafika chumba cha nyuma cha taasisi, wakaliona kasha.

Nilikuwepo eneo la ujenzi siku Daktari Hidaya alipokuja kumwona Waziri. Alimweleza kila kitu, taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa aliyechelewa kuja. Alisema kasha lile ni pumzi za watu. Alisema anaweza kutengeneza jingine akipewa nafasi, lakini wagonjwa hawa hawana muda huo. Mheshimiwa alimsikiliza akichezea kofia ya ujenzi, kichwa kikiwa upande kama mtu anayependezwa.

"Mheshimiwa, hii ni dawa ya kumeza," Daktari akamalizia.

"Daktari," akasema Waziri, "kumeza kila mtu anaweza. Kuzika kunahitaji uongozi."

Wasaidizi wake wakaliandika hilo. Kesho yake lilikuwa kwenye mabango.

*

Ungedhani wangezika haraka, yaishe. Hawakuzika haraka. Shimo lilikuwa tayari, zege lilikuwa tayari, ila kukazuka mjadala kiti cha mgeni rasmi kielekee wapi. Kikielekea mashariki, jua litampiga usoni. Kikielekea magharibi, atakuwa ameipa kafara mgongo. Ikaundwa kamati. Kamati ikaenda nchi jirani kuangalia viti.

Kasha lilikaa ofisini kwa Mhandisi Bakunda, juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwalimu Rehani alikaa barazani kwetu. Asubuhi moja Sikudhani alimuuliza jambo la mpira, hakujibu. Alifariki akiwa ameegemea ukuta, kopo mkononi, na kati ya baraza ile na kabati lile ni mwendo wa kwenda kununua chumvi.

Wizara ilileta shada la maua. Ilileta pia askari, kutuomba kwa upole tusikohoe makaburini, kwa kuwa makaburi yanapakana na eneo la msingi. Tukamzika mwalimu wetu tumeuma khanga na kofia. Dada yangu aliuma mkono wake mpaka ukatoka damu. Sijui mtu huwasameheje watu kama hao. Mimi sijajua mpaka leo, na sijifunzi.

Siku ile ile, sherehe ikiwa imepangwa kesho yake, nilipokuwa narudi nyumbani nilipita machinjioni, nikanunua kichwa cha mbuzi.

*

Sherehe ya msingi ina utaratibu wake. Kwanza ngoma, halafu risala, halafu hotuba ya mgeni rasmi, halafu hotuba ya kumshukuru mgeni rasmi kwa hotuba yake. Baada ya hapo mgeni huteremsha kafara shimoni kwa kamba ya hariri, kasha likiwa wazi ili ardhi ione inachopewa. Kisha inakuja dakika ya msingi. Watu wote husimama, huinamisha vichwa na kufumba macho, wakubwa kwa wadogo, wapiga picha kwa walinzi, wakati ardhi inapokea. Anayeruhusiwa kubaki macho ni fundi peke yake, asije akajikwaa shimoni.

Ndani ya dakika ile nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanyia serikali. Niliinama, nikatoa vidonge kwenye kasha nikavifunika ndani ya ndoo yangu ya mchanga. Nikatoa kichwa cha mbuzi nilichokificha ndani ya ndoo hiyohiyo, nikakilaza ndani ya kasha, nikafunga kifuniko. Juu yangu niliwaona wote wamefumba macho kwa unyenyekevu, Waziri, Mhandisi, mabalozi, midomo yao inacheza. Walipoyafumbua nilikuwa tayari namimina zege kutoka ndoo ya pili.

"Ardhi imepokea," akasema Waziri, sauti imekaba kwa uchungu wa taifa.

Nilimpelekea Daktari Hidaya ile ndoo ya mchanga nzima. Alitia mkono mchangani, akavigusa vidonge, akakaa chini sakafuni palepale. Alianza kugawa jioni hiyo, nyumba kwa nyumba, akisimama mlangoni mpaka mgonjwa ameze mbele yake, na kila asubuhi akarudi kuhakikisha.

Sikudhani alimeza vyake kwa chai. Kwanza ilirudi hamu ya kula, akawa anakula hata ukoko. Halafu usingizi. Halafu pete ikatoka kwenye ncha ya khanga ikarudi kidoleni. Siku niliposikia cherehani inazunguka na ule wimbo mbovu juu yake, nilisimama uani nikalia kama mtoto, na majirani hawakumwomba abadilishe.

*

Hapa ndipo mtu mwenye akili angenyamaza akashukuru. Tulinyamaza, tena vizuri. Lakini kupona kwa mtaa mzima hakufichiki. Watu walionekana wakipumua hadharani.

Mhandisi Bakunda akaja na vipimo vyake. Alizunguka mtaa wetu na utepe, akapima umbali kutoka kila nyumba mpaka kwenye msingi wa zahanati, ambayo hadi leo ni msingi tu. Akaandika kitabu kinene kuliko vyote. Kilisema kwamba dawa ikizikwa kwenye msingi uliosanifiwa vyema, nguvu yake hupanda kupitia udongo, huingia nyayoni mwa mwananchi na kumponya bila mwananchi kusumbuliwa kumeza. Ushahidi ulikuwa sisi. Mtaa uliouzunguka msingi ulipona, mitaa ya mbali ilikuwa bado inakohoa. Nani atabisha?

Kikaja kitu tulichokuwa tukikiomba miaka yote, kikaja kwa mlango wa nyuma. Serikali ikajenga kiwanda cha dawa. Daktari Hidaya akavishwa nishani, akapewa mashine mpya, akapewa wasaidizi, akaambiwa atengeneze vidonge vya rangi ya chungwa kwa wingi, mchana kutwa, kila siku ya Mungu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile dawa ilikuwepo ya kutosha kila mgonjwa. Yote ilikuwa ya kuzika. Askari wenye bunduki walilinda mlango wa kiwanda asije mtu akameza.

Si hivyo tu. Wakakusanya na dawa nyingine zote zahanati kwa zahanati, za nimonia, za kuhara, hata sindano za surua, ili kila wilaya ipate msingi wake. Akina mama walisimama pembeni ya barabara wakiangalia malori yanapita, watoto wamewalalia mabegani wanahema. Waliambiwa wavue viatu na wasubiri nguvu ipande.

Nilimwendea Daktari Hidaya kiwandani, nimewaka. Nilimkuta anasimamia makasha ya bati. Alikuwa anagombana na mafundi kwamba kila kasha lichomelewe kifuniko pande zote, lisipitishe hata unyevu, na kila fungu la vidonge lifungwe kwanza kwa karatasi yenye nta. Msimamizi wa wizara alimuuliza za nini hizo mbwembwe, akajibu kwamba ni heshima kwa ardhi. Nilimtazama na ile nishani kifuani nikamwambia amenunuliwa. Hakukasirika.

"Fundi," akaniambia, "mimi najua kutengeneza dawa. Nyinyi ndio mnajua mambo ya zege."

Niliondoka bila kumuaga. Nilidhani ananikebehi.

*

Msingi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Hospitali ya Rufaa ya Mapafu. Shimo lake ungeweza kucheza mpira ndani. Niliteuliwa mimi kumimina, kwa kuwa mkono wangu ulionekana una baraka. Sikudhani alinyoosha ovaroli yangu, akanikabidhi, akasema jambo moja tu: "Kaka, usimimine."

Nilikuwa nimekuja na ndoo kubwa na vichwa vya mbuzi viwili, mjinga mimi. Nilipofika nikaambiwa dakika ya msingi imefutwa. Sherehe ilikuwa inarushwa moja kwa moja kwenye televisheni, na mkurugenzi wa televisheni alisema watu waliofumba macho hawapendezi. Kila mtu aliniangalia. Kwenye kona ya mashariki ya shimo yalipangwa makasha ya bati mpaka usawa wa kiuno changu. Huko juu, nyuma ya kamba, walisimama wagonjwa walioletwa kwa mabasi kuja kuvuta nguvu kwa nyayo, wamejiziba midomo. Waziri akanipa ishara.

Sikumimina. Niliweka ndoo chini, nikaomba kipaza sauti, wakanipa wakidhani nataka kushukuru.

Nilisema yote. Nilisema chini ya zahanati ile hakuna dawa, kuna kichwa cha mbuzi, nilikiweka mwenyewe wao wakiwa wamefumba macho. Nilisema waliopona walipona kwa sababu walimeza. Nilisema haya makasha yakigawiwa sasa hivi, hapa, wale walio nyuma ya kamba watarudi nyumbani wazima. Sikudhani akavuka kamba akaja mpaka ukingoni mwa shimo.

"Mimi nilimeza," akasema. "Kwa chai. Nitazameni."

Nilimwona Mhandisi Bakunda anapepesa macho. Nilimwona Waziri anafikiri, nikaona fikira yenyewe ilivyopita usoni mwake: kama fundi anasema kweli, basi tumewaua watu. Ilipita, nakuapia, niliiona. Kisha akaifukuza kama inzi.

"Mama huyu ana hisia," akasema. "Taifa lina utafiti."

Mhandisi akauliza kama ufukuliwe msingi wa zahanati kuhakikisha. Waziri akamjibu kwamba kufukua msingi ni kuutilia shaka, na msingi ukitiliwa shaka hudidimia, je hakuliandika hilo mwenyewe? Mhandisi akakubali kwamba aliliandika. Wakanitoa shimoni kwa mateke. Nyuma yangu nilisikia kibarua mwingine anamimina, na makofi, na katikati ya makofi mtu mmoja nyuma ya kamba akashindwa kujizuia, akakohoa. Naye wakamchukua.

*

Nilishtakiwa kwa kosa la kudhoofisha msingi wa taifa. Hakimu alilala kidogo, akanihukumu, akaenda kula. Nilifungwa kwanza gereza la mbali, na huko ndiko nilikoupata ule ugonjwa. Usishangae. Tulilala tumebanana kama mihogo guniani, na madirisha yalikuwa ya kuchora ukutani. Nilipotema damu mara ya kwanza nilijua jina lake na jina la dawa yake, na nilijua iko wapi. Hicho ndicho kifungo chenyewe.

Baadaye walitupakia wengine wetu kwenye lori lililofunikwa turubai wakatuhamishia gereza jipya. Hatukuona njia. Tulishushwa ndani ya ua, tukaingizwa kwenye ukumbi mkubwa wenye harufu ya chokaa, tukafungiwa. Wote tulikuwa tunakohoa. Askari jela walitukabidhi chakula kwa kusukuma sahani kwa mti mrefu, kisha wakakimbia kunawa.

Sikudhani alinitafuta mpaka akanipata. Tuliongea kupitia wavu, askari kasimama mbali kwa kuogopa hewa yangu. Niliona kanenepa, nikafurahi. Yeye alinisikia nikikohoa, akashika wavu kwa vidole vyote. Anakijua kikohozi kile, aliishi nacho. Akauliza kama najua nalala wapi. Nikamwambia gerezani, pengine pawe wapi.

Akanieleza. Ile Hospitali ya Rufaa ya Mapafu ilifika kwenye kuta na paa, ikabakiza madirisha, na fungu la fedha za madirisha likaenda kwenye safari ya kujifunza madirisha. Bila madirisha haikufaa kwa watu wa mapafu, Mhandisi mwenyewe alikubali. Ikaonekana ipewe Magereza, ambao hawana shida na madirisha.

"Kaka," akasema dada yangu, "uko juu yake."

Nilirudi ukumbini nikasimama katikati, nikatafuta jua linapopenya paani asubuhi. Kona ya mashariki ya ukumbi wetu ndipo ilipo ndoo ya choo. Hakuna askari anayeisogelea.

Tulianza siku hiyo, mchana. Tulikuwa na vijiko vya bati na kipande cha nondo kilichochomoza ukutani, maana mjenzi alikuwa na haraka. Niliogopa zege, kwa kuwa nalijua zege la serikali linavyotakiwa kuwa kwenye michoro. Kijiko kiliingia. Likamomonyoka kama mkate wa juzi. Saruji ilikuwa imeliwa, imeliwa yote, kulikuwa na mchanga na matumaini. Wezi wale niliwalaani maisha yangu yote, na siku hiyo nilikaa kwenye sakafu nikawaombea heri.

Kelele ndiyo iliyobaki kuwa tatizo, maana nondo ikigonga inasikika. Tukapanga zamu. Mmoja anachimba, wengine wote wanakohoa. Hatukuwa na haja ya kuigiza. Watu ambao walikoholea uchochoroni na kwenye khanga na kwenye mikono yao wenyewe, ambao walizika walimu wao wameuma vitambaa, walifungua vifua wakakohoa, ukumbi mzima, kwa sauti, bila kumwomba mtu radhi. Askari waliposikia walisogea mbali zaidi. Yule aliyekamatwa siku ya sherehe kwa kukohoa ndiye kiongozi wetu. Anatushinda wote.

Niliingiwa na hofu moja tu, kwamba tutakuta makasha matupu. Leo nondo imegonga bati. Tumelitoa kasha la kwanza, tumelipasua. Kifuniko kilichomelewa pande zote, unyevu haukupita, na ndani mafungu yamefungwa kwa karatasi yenye nta, vidonge vya chungwa vikavu kama vimetoka kiwandani jana. Hakikupungua hata kimoja. Wakubwa walikuwa wameiba saruji, dawa hawakuigusa. Nilikumbuka nilivyomwambia yule mwanamke amenunuliwa, nikashindwa kumeza kwa muda.

Kisha nikameza. Tumemeza wote, kwa maji ya ndoo, baada ya kula, na kesho tutameza tena mpaka dozi iishe. Chini kuna makasha ya kutosha gereza hili na mji ulioko nje ya ukuta, na Sikudhani anakuja Jumapili akiwa amevaa sketi yenye mifuko mikubwa ya ndani, aliyoishona mwenyewe.

Ukuta wa mashariki umeanza kuachana na sakafu. Ufa unaingia mkono wangu, na asubuhi unapitisha upepo na mwanga, kama dirisha. Ukionana na Mhandisi Bakunda mpe habari, atafurahi, maana katika maisha yake aliwahi kusema kweli mara moja. Kikohozi hupasua msingi.